Tamasha la Kutazama Mabati

Katika nchi moja, ambayo jina lake nimelisahau kwa sababu za kiafya, serikali iligundua kwamba wananchi wana huzuni. Haikusema huzuni hiyo imetoka wapi. Ilisema tu kwamba imeonekana, imejadiliwa, na dawa yake imepatikana: Tamasha la Kwanza la Kitaifa la Filamu, Jumamosi nzima, katika Uwanja wa Shukrani, ambapo kila raia atakuwa huru kuwaona mastaa kwa macho yake mwenyewe, alimradi macho hayo yafuate utaratibu.

Niliposikia tangazo hilo nilifurahi hadi jirani akaja kuuliza kama nimepatwa na jambo. Mimi ni mtu wa sinema. Naitwa Chande, ila mtaani wananiita Chande Sauti, kwa kuwa nina kibanda umiza nyuma ya soko. Kwa asiyekijua kibanda umiza, ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na joto la kuokea mikate, na mimi nimekaa pembeni nimeshika kipaza sauti. Sinema inakuja na lugha za watu. Mimi naizima sauti yao naweka yangu. Nimekuwa jenerali, nimekuwa bibi harusi aliyeachwa, na wiki iliyopita tu nilikuwa farasi. Watu wakalia. Sijui kama ni kwa ajili ya farasi au joto.

Lakini sinema inayojaza kibanda changu kila Ijumaa haitoki ng'ambo. Ni ya hapa hapa, inaitwa Hodi ya Mwisho, na steringi wake ni Yakuti Pongwe. Anaigiza mwanamke anayemsubiri mumewe miaka na miaka. Anapika sahani mbili, anakula moja, anaifunika ya pili. Mwishoni kabisa, mlango wa uani unabishwa hodi. Yakuti anaweka kibatari chini. Anakwenda. Anashika komeo, analivuta, mlango unaanza kufunguka, na hapo skrini inakuwa nyeusi, kwa sababu hapo ndipo Bodi ya Kulinda Macho ya Wananchi ilipopitisha mkasi.

Sasa wateja wangu hawawezi kurudi nyumbani na giza. Kwa hiyo kila Ijumaa, skrini ikishakuwa nyeusi, mimi huendelea kwa sauti. Nimeshamweka mlangoni mtu wa kukata umeme. Nimeshaweka binti aliyepotea, mvua, na mbuzi wa jirani. Watu wanacheka, wanapiga miluzi, wanaondoka.

Bi Sikudhani peke yake ndiye haondoki.

Hapa itabidi niwaeleze kitu wasomaji wa nchi nyingine, maana wa kwetu wanakijua na wangependa nisikieleze. Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kuchukuliwa na serikali akapotea. Wapo tu watu waliochelewa kurudi. Ndivyo wanavyoandikwa katika taarifa zote: Wachelewaji. Iko hata ofisi yao, yenye dirisha ambalo litafunguliwa pindi mhudumu akirudi, na mhudumu naye amechelewa.

Mume wa Bi Sikudhani, Mzee Hemedi, alikuwa fundi redio. Redio moja aliyoitengeneza ilishika stesheni ya nchi jirani, akaitwa kwa mahojiano mafupi. Yalikuwa mafupi kwelikweli, kiasi kwamba hakuna hata afisa mmoja anayekumbuka kuwa yalifanyika. Tangu hapo mlango wa uani wa Bi Sikudhani haujapigwa komeo, maana mzee aliondoka bila ufunguo. Wezi wameingia. Wamechukua masufuria, wamechukua cherehani ya kwanza, na mmoja wao, nadhani kwa aibu, alirudisha mwiko. Komeo halikupigwa.

Na mke wa mtu aliyechelewa si mjane. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna eda ya kukaa wala matanga ya kuweka, na akithubutu kulia hadharani itakuwa ni kueneza uvumi. Basi akarudi kushona nguo za watu. Kila Ijumaa anakaa benchi la mbele, skrini ikiwa nyeusi ananiuliza taratibu, "Nani?" Mimi namtajia mtu wa siku hiyo. Anashukuru, anafunga mtandio, anaondoka wa mwisho.

Mwaka ule kaka yake wa mikoani alianza kumtaka ahamie kwake, nyumba iuzwe. Bi Sikudhani akaja kibandani mchana, hakuna sinema, akasimama.

"Chande mwanangu," akasema, "wewe unanipa mtu mwingine kila Ijumaa. Sikukasirikii, ndiyo kazi yako. Lakini yule Yakuti alikuwepo pale mlangoni. Nasikia anakuja kwenye hilo tamasha. Muulize alimfungulia nani. Mimi nina mlango wangu wa kuuamulia."

Nikamwambia Jumamosi jioni atakuwa na jibu. Nilisema kwa sauti yangu ya jenerali.

*

Lango la Uwanja wa Shukrani lilikuwa na foleni tatu: ya waliokuja kuona, ya waliokuja kuonekana, na ya waliokuja kuangalia nani amekuja kuona. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ndefu, na watu wake wote walivaa suti za rangi moja.

Tulipoingia nililiona zulia jekundu, jipya, likiwaka. Nililiona kwa muda wa kupiga chafya. Kisha mshereheshaji akapanda jukwaani, bwana mmoja mnene anayeitwa Kapungu, akavipuliza vipaza sauti vyote kimoja kimoja, akatusomea Kanuni ya Kuonekana kwa Ngazi.

Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi. Hakuna raia atakayemwona staa kabla Mgeni Rasmi hajamwona. Macho ya Mgeni Rasmi ndiyo yanayofungua, kama yale yanayofungua barabara na visima. Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Dokta Sifuni Kitwana, Waziri wa Burudani, Maadili na Kuonekana, alikuwa njiani. Kwa hiyo wananchi wote tuliombwa, kwa heshima na taadhima, tugeuke, tulipe zulia kisogo, na tutazame uzio mpaka tutakapoambiwa.

Uzio ulikuwa wa mabati. Nimetoka kwenye kibanda cha mabati, nimesafiri tangu alfajiri, nimekuja kutazama mabati.

Tukageuka. Jua la nchi ile halina adabu. Linapiga bati, bati linakurudishia usoni, linakuivisha upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kama andazi. Nyuma yetu tulisikia milango ya magari, tukasikia viatu vya visigino, tukasikia marashi. Mama mmoja kulia kwangu, mteja wa kibandani, akasema hayo marashi ni ya Jini Kisirani, yule anayeigiza mke mdogo. Mwingine akasema hapana, mke mdogo ananukia vingine. Ndivyo tulivyoanza kuwatazama mastaa wa taifa letu: kwa pua.

Kisha kijana mmoja wa mbele akagundua jambo. Askari waliotulinda walikuwa wamesimama kwenye uzio, wakitutazama sisi, na wote walikuwa wamevaa miwani nyeusi. Na ndani ya miwani ile, kila kioo, zulia jekundu lilionekana lote, dogo, limejipinda kidogo, na watu wanapita juu yake kama sisimizi waliovaa vizuri.

Basi tukawasogelea askari. Kila askari alipata watu wake. Walisimama mbele yake wamekodoa macho usoni pake, wakiguna, wakisema "mzuri jamani," "amenenepa," "mtazame anavyocheka." Askari wangu alikuwa kijana mwenye chunusi ambaye, bila shaka, hakuwahi kutazamwa hivyo na umma. Alianza kwa kukunja uso. Baadaye akanyoosha kola. Mwisho kabisa mama wa marashi alipomwambia asogee kushoto kidogo, akasogea.

Nikamwona katika kioo chake cha kulia Kamanda Chuma, yule anayeigiza mkuu wa polisi katika sinema zote. Na hapa nataka niwe mkweli: lile ndilo tukio zuri kuliko yote ya siku ile. Kamanda Chuma alikuja na sare zake za kuigizia, ambazo zina nyota nyingi kuliko za polisi wenyewe. Askari walipomwona wakakakamaa, wakapiga saluti. Naye, kwa mazoea ya kazi, akaamrisha. Akasema wananchi hawa waletewe viti. Vikaletwa. Akasema waletewe maji. Yakaja, ya baridi. Akasema lile turubai la wakubwa livutwe huku, wapate kivuli. Likavutwa. Kwa kitambo kidogo pale uwanjani tulikuwa na serikali ambayo sijaiona kabla wala baada yake.

Kisha mtu wa suti akamnong'oneza mtu wa suti, Kamanda Chuma akashikwa kiwiko, na viti vikaondolewa. Maji tuliyokwisha kunywa yaliachwa, baada ya majadiliano.

*

Mheshimiwa hakuja mchana. Kapungu akatutangazia kwamba yuko karibu sana, yaani bado hajatoka. Ili tusichoke, watu wakaanza kutambulishwa. Alitambulishwa mwenyekiti wa kamati, naye akaomba awatambulishe wajumbe, na kila mjumbe akaomba amtambulishe aliyekuja naye. Kila mmoja alipanda akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena upya kuanzia juu. Fundi wa jenereta alitambulishwa. Jenereta nayo ilitambulishwa, maana ilikuwa msaada.

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakagua kioo baada ya kioo nikimtafuta Yakuti Pongwe, na hayumo. Magari ya mastaa yalikwisha kuingia yote. Nilimfikiria Bi Sikudhani amekaa na cherehani yake ya pili, ananisubiri.

Ndipo, ndani ya miwani, bodaboda ikasimama langoni, akashuka mwanamke aliyefunika kichwa kwa kanga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulimsikia akibishana na watu wa suti. Alisema yeye ni mgeni mwalikwa, gari lake la tamasha lilipangiwa kumfuata shemeji yake Mheshimiwa, kwa hiyo amejileta. Wakamwambia kama kweli ni staa angekuja na gari la mastaa. Akasema jina lake. Wakamwambia wanalijua hilo jina na wanamheshimu sana mwenye nalo, ila mwenye nalo hajafika, kwa sababu gari lake halijafika. Na kama ndiye, ni kosa vile vile, maana staa asiyepita kwenye zulia hajaonekana, na asiyeonekana hawezi kuingia jukwaani. Akae na wananchi mpaka atakapowasili.

"Nani atakapowasili?" akauliza.

"Wewe," wakamwambia.

Wakamleta kwenye uzio, wakamsimamisha kushoto kwangu, uso kwenye bati.

Jamani. Ile sauti nimeiishi miaka. Nimeisikia ikiimba jikoni, ikilia, ikisema "nakuja" kwa yule aliyekuwa anabisha hodi. Nikawa nageuza shingo, na askari wa chunusi akakohoa.

"Usinifanyie hivyo, kaka," akaniambia pole pole. "Ukimwona nitaandikwa mimi. Hajafika huyo."

Basi nikatazama bati. Yeye akatazama bati. Kati ya mabega yetu hapakuwa na nafasi ya kupitisha kitabu, na sikuruhusiwa kumwona. Nimetafuta staa maisha yangu yote, nimempata, nikaamrishwa nitazame msumari wenye kutu.

"Dada Yakuti," nikauambia msumari.

"Sijafika," msumari ukajibu, nikasikia kicheko ndani yake.

Nikamweleza. Nikamweleza kibanda, giza, na Bi Sikudhani na mlango wake. Nilitaka nieleze kwa kifupi, nikashindwa. Akaniuliza mimi huwa namweka nani pale mlangoni. Nikamtajia: mtu wa umeme, binti, mvua. Nilipofika kwenye mbuzi alicheka hadi paji la uso likagonga bati, na watu wa suti wakatutazama.

"Dada, nani alikuwepo?"

"Sijui," akasema.

Nikadhani ananitania.

"Wallahi sijui, kaka. Ile siku tulipiga picha ya mimi nafungua tu. Nje ya mlango palikuwa na taa imewekwa juu ya kiti. Nikamuuliza mwongozaji, namfungulia nani? Akasema, tazama hiyo taa kama unavyomtazama mtu uliyesahau uso wake. Upande wa pili aliupiga siku nyingine, mimi sikuwepo. Akaipeleka sinema kwenye Bodi. Wiki ile ile akachelewa."

Hakuna aliyeuliza kuchelewa kupi.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," nikasema.

"Yuko mmoja. Mwenyekiti wa Bodi wakati ule aliitazama yote kabla ya kuikata. Peke yake, mlango umefungwa. Ndiye huyo tunayemsubiri." Akaongeza, "Ukimuuliza, niamshe. Mimi mwenyewe nimelala na huo mlango miaka yote hii."

*

Mheshimiwa alifika jua linapoanza kuelekea kulala. Katika nchi ile ndiye mchelewaji pekee niliyewahi kumwona akirudi. Tukaamrishwa kugeuka. Shingo zetu zilikuwa zimeganda. Uwanja mzima ulilia kama milango isiyotiwa mafuta.

Mastaa wote, waliokuwa wamekaa hemani tangu asubuhi, walipitishwa upya kwenye zulia mbele ya Mheshimiwa ili aonwe akiwaona. Alikuwa mtu mdogo mwenye sauti ya kuazima. Kila staa alipopita, Mheshimiwa aligeukia kamera. Yakuti alitolewa kwenye uzio, akapanguswa vumbi, akaingizwa ndani ya gari lililokuwa limerudi na shemeji bado ndani, likazungushwa uwanja, akashuka kama ndiyo kwanza anafika. Nikanyoosha shingo nimwone sasa kihalali. Mbele yangu wakasimama watu wa suti, wakamwona wao.

Hotuba ilirushwa moja kwa moja redioni. Kwa agizo, kila duka, kila mgahawa na kila nyumba yenye redio ilitakiwa kuifungulia sauti mpaka mwisho. Jukwaani, kando ya Mheshimiwa, alikaa bwana mwenye vibao: kimoja kimeandikwa MAKOFI, kingine VICHEKO, cha tatu HUZUNI YA WASTANI. Mheshimiwa alisema filamu ni kioo cha jamii, na serikali haiwezi kukaa kimya jamii ikijitazama kwenye kioo kichafu. MAKOFI. Alisema zamani watu walitazama filamu ovyo ovyo, mwanzo mpaka mwisho. VICHEKO.

Kipengele cha mwisho kilikuwa maswali ya wananchi. Maswali yalikwisha kuandaliwa. Kilichokosekana ni wananchi. Kapungu akapita akitafuta mtu mwenye sauti yenye shukrani. Mama wa marashi akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema, "ana sauti hata ya farasi."

Nikapewa kipaza sauti na karatasi. Swali langu lilikuwa: Mheshimiwa, pamoja na kutuongoza vizuri hivi, unapata wapi muda wa kupumzika?

Nikaitazama karatasi. Nikamtazama Yakuti, ambaye alikuwa amekaa nyuma kabisa ya jukwaa, nyuma ya jenereta. Alikuwa ananitazama kama alivyoitazama ile taa.

Karatasi nikaikunja. Koo langu limezoea kusema wakati skrini ni nyeusi.

"Mheshimiwa," nikasema, "sisi wananchi tunakushukuru kwa kutulinda macho. Tunajua kuna mambo uliyaona wewe peke yako ili sisi tusiyaone. Katika Hodi ya Mwisho, pale mlango unapofunguliwa, uliona nani?"

Kapungu alifumba macho. Watu wa suti walianza kutembea. Lakini Mheshimiwa aliinua mkono kuwazuia, na uso wake ukachanua kama wa mtoto aliyeulizwa habari za bao alilofunga. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumshukuru kwa mkasi ule.

"Swali zuri," akasema. "Ni kweli, niliitazama peke yangu. Nilijitoa mhanga. Mlangoni, ndugu zangu, alikuwa yule mume. Amekonda, ana mfuko mdogo mkononi. Anasema: nimechelewa. Mke anampisha, anaingia, anafunua ile sahani. Basi. Nikasema haiwezekani. Nikaikata kwa mkono wangu."

Akanywa maji. Angeishia hapo, mimi leo nisingekuwa na hadithi.

"Maana ni uongo," akaendelea, kwa ile sauti ya mtu anayefafanua. "Filamu lazima iseme kweli. Hatuwezi kuruhusu akina mama wadanganywe wakae wanasubiri. Wale hawarudi. Nimekuwa kwenye kamati ya Wachelewaji tangu ilipoundwa, hati zote zimepita mezani kwangu, nami nasaini mwenyewe. Hakuna hata mmoja anayerudi. Wamekwisha wale."

Bwana wa vibao alikuwa amekwisha kunyanyua MAKOFI kabla sentensi haijaisha. Hakuna aliyepiga. Akajaribu VICHEKO. Akakigeuza HUZUNI YA WASTANI, akakitazama mwenyewe, akakishusha.

Uwanja ulikuwa kimya, na katika ukimya ule tulisikia sauti ya Mheshimiwa ikituchelewea kutoka madukani nje ya uzio, redio moja baada ya nyingine, ikisema wamekwisha wale.

*

Niliitwa kwa mahojiano mafupi. Gari lao lilikuwa zuri, lina kiyoyozi.

Maafisa wawili walinihoji, wapole, wamekonda kwa uchovu. Waliniuliza nilitumwa na nani. Nikasema na mteja. Waliandika, wakafuta. Shida yao ilikuwa kosa. Kuuliza swali kwenye tamasha si kosa. Kipengele cha maswali kilikuwepo kwenye ratiba. Kosa lilikuwa ni jibu, na jibu halikuwa langu. Walisema wataliona asubuhi.

Asubuhi redio ikaturahisishia. Taarifa rasmi ilisema kwamba Tamasha la Kwanza la Kitaifa la Filamu, kutokana na hali ya hewa, halikufanyika. Wananchi wapuuze uvumi wa mtu yeyote anayedai alikuwepo, aliona, au alisikia. Mheshimiwa Dokta Kitwana alikuwa nyumbani siku nzima akipumzika.

Maafisa wakatazamana. Nilikuwa nimekamatwa kwa swali nililouliza mahali ambapo hapakuwepo, kwenye siku ambayo haikufanyika. Yule mkubwa akageuza geuza kalamu, akaniambia niende zangu kabla hajaletwa mtu mwenye akili zaidi. Kwa hiyo naomba ieleweke: kisheria, mimi sijawahi kumwona Yakuti Pongwe. Nilikaa naye bega kwa bega nusu siku, na sijawahi kumwona.

Nikarudi mtaani nikitembea haraka. Nilikuwa natafuta maneno. Nilikwenda kumletea mtu mwisho wa sinema, na mwisho wa kusubiri kwake ulikuwa umenitangulia kwa redio, sauti mpaka mwisho, kwa agizo.

Kona ya soko nikaona turubai. Hatua chache mbele nikaona lingine. Majamvi yalikuwa yametandikwa nje ya nyumba ambazo sikujua kama nazo zilikuwa na wachelewaji, kwa sababu tulikuwa hatuambizani. Kwa Mama Leokadia walikuwa wanaimba nyimbo za mazishi. Kwa kina Mshamu wanaume walikuwa wamekaa kimya wakinywa kahawa. Mtaa mzima ulikuwa umeweka matanga, na katikati hapakuwa na jeneza hata moja.

Mlango wa mbele wa Bi Sikudhani ulikuwa umefungwa. Nikazunguka uani. Ule mlango wa bati, kwa mara ya kwanza tangu niujue, ulikuwa umerudishwa. Nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza.

Ijumaa zote nilikuwa nikimtajia watu wengine.

"Chande," nikasema.

"Usiingie, mwanangu. Niko eda."

Nikasimama nikalitazama bati. Nimelizoea sasa. Kutoka upande wa pili akaniuliza kama nilimwona Yakuti. Nikamwambia nilisimama naye. Akauliza, "Na kwenye sinema? Alikuwa nani?"

"Alikuwa mumewe, Bi Sikudhani."

"Alirudi."

"Alirudi. Alikuwa na mfuko mdogo. Alisema: nimechelewa. Akaingia, akafunua sahani."

Nikasikia akivuta pumzi, kisha akipangusa uso na kitu.

"Ile ya sinema nimeipenda," akasema. "Nikitoka eda utaniwekea hiyo. Usimlete mbuzi tena."

Hapo nikasikia viatu nyuma yangu. Afisa wa mtaa, bwana Lukindo, alikuwa amefika na amri mpya, jasho linamtiririka, maana alikuwa amezunguka nyumba baada ya nyumba. Akanisukuma kando akabisha bati kwa ngumi. Akamwuliza Bi Sikudhani ana eda ya nani. Akajibiwa, ya mumewe, Hemedi. Akamwuliza nani kamwambia mumewe amekufa. Akajibiwa, Mheshimiwa, redioni.

"Mheshimiwa hakusema," akasema Lukindo. "Tamasha halikuwepo. Mumeo hajafa, amechelewa tu. Na kama hajafa, huna eda. Toka nje, mama, nikuandike kwamba umetoka."

Lukindo akaipangusa kalamu yake kwenye suruali.

"Basi andika hivi, baba," Bi Sikudhani akasema. "Andika kwamba na mimi sina eda. Nimechelewa tu kutoka."

Lukindo akabaki kalamu juu. Akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia kutafsiri. Na upande wa pili wa bati tulisikia komeo kuukuu la chuma, lenye kutu ya miaka, likisukumwa taratibu mpaka likaingia mahali pake.